Je, viazi na siagi vya mababu wa Ireland vitashusha sukari ya mume wangu?

*Swali: Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Njombe, nimeolewa kijijini katika kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland. Mume wangu ni dereva wa lori, ana miaka 52, urefu sentimita 178, uzito kilo 104. Majuzi daktari alimwambia sukari yake iko mpakani (kipimo cha miezi mitatu kilisoma 44) na presha 148/92. Hajaanzishiwa dawa. Baba mkwe, mwenye miaka 84, anasema dawa ni kurudi kwenye chakula cha wazee: viazi, mtindi, siagi, nyama ya nguruwe ya chumvi na kabichi, mkate wa soda. Anasema wao hawakujua kisukari wala presha. Sasa mume wangu ameacha piza na chipsi za kununua, anakula viazi vya kuchemsha kilo nzima kwa siku na siagi bila kupima. Wiki sita zimepita, uzito uko palepale. Mimi nimekulia kwenye viazi, sijui niseme nini. Je, mzee yuko sahihi? Na mimi na watoto wetu wawili tule hivyohivyo?*

Dada, nikikusoma vizuri, hofu yako si viazi. Mumeo amepata kitu cha kushika, baba yake anamshangilia, na wewe unaogopa kuonekana mgeni anayedharau chakula cha watu nyumbani kwao. Kwa hiyo tuanze na haki ya mzee: kuacha piza na chipsi ni hatua kubwa, na amemsaidia mwanawe kuipiga. Tatizo ni kwamba hicho anachokiita chakula cha wazee ni vyakula vya nyakati tatu tofauti vilivyopakuliwa kwenye sahani moja. Sahani hiyo, kwa wingi huo, babu wa mumeo hakuila kila siku. Mwenye uwezo wa kuila hivyo hakuwa na lori, alikuwa na jembe.

Zamani kabisa, kabla viazi havijavuka bahari, watu wa Ireland waliishi kwa maziwa na nafaka. Walikuwa na neno lao, bánbhia, yaani vyakula vyeupe: maziwa mabichi, mtindi, maziwa ya mgando, jibini na siagi, pamoja na uji na mikate myembamba ya oti. Wakati wa shida walimtoa ng'ombe damu akiwa hai na kuichanganya na unga wa oti au siagi, jambo ambalo Mmasai hatalishangaa.

Viazi viliingia mwishoni mwa karne ya 16, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 19 vilikuwa vimemeza kila kitu kwenye sahani ya maskini. Karibu watu milioni 3 kati ya milioni 8 na ushee walivitegemea, na kibarua wa shamba alikula kilo 4.5 hadi 6 kwa siku, akishushia na mtindi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Siagi hakuila. Siagi ilipelekwa sokoni na kusafirishwa nje kupitia Cork, na nguruwe aliuzwa ili kulipa kodi ya shamba. Kilichobaki nyumbani ni mtindi, yaani maziwa yaliyobaki baada ya kusukwa na siagi kuondolewa. Kulikuwa hata na mzaha wa mlo wa "viazi na kuelekeza kidole": unakielekeza kiazi kwenye kipande cha nyama kinachoning'inia darini, kisha unakila kiazi kikavu.

Mlo huo, ukiuhesabu, unashangaza. Kilo 5 za viazi hutoa kalori zaidi ya 4,000, protini gramu 90 hivi, vitamini C kupita mahitaji mara kadhaa, na potasiamu tele. Mtindi uliongeza kalsiamu, ambayo kiazi kina kidogo, na vitamini B12, ambayo kiazi hakina. Ndiyo maana rekodi za jeshi la Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyokuwa na askari wake, zinaonyesha askari kutoka Ireland wakiwa warefu kidogo kuliko wenzao kutoka Uingereza, ingawa walitoka nchi maskini zaidi. Lakini mlo wa kiazi kimoja ni nyumba ya nguzo moja. Kila mwaka, viazi vya zamani vilipoisha na vipya havijakomaa, kulikuwa na njaa. Mwezi wa Julai uliitwa Julai ya kabichi. Na ukungu ulipoingia mashambani mwaka 1845, watu wapatao milioni 1 walikufa katika miaka michache iliyofuata na wengine zaidi ya milioni 1 wakahama nchi. Waliookolewa kwa unga wa mahindi kutoka Marekani walipata kiseyeye, kwa sababu mahindi makavu hayana vitamini C. Sisi wa ugali tunalijua hilo bila kulisoma: ugali bila mboga haujakamilika.

Kisha ukaja wakati wa tatu, na huu ndio anaoukumbuka baba mkwe. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 duka lilifika kijijini likiwa na chai, sukari, unga mweupe na nyama ya nguruwe ya chumvi. Mtoto aliyezaliwa Mayo mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikula viazi, mkate wa soda, maziwa, siagi ya nyumbani, mayai na nyama hiyo ya chumvi. Mzee hadanganyi. Ila vijiji vilianza kupata umeme mwaka 1946, na kwa sehemu kubwa taratibu. Kuchimba udongo mweusi wa kinamasi, kuukausha na kuubeba uwe kuni, kukata majani ya mifugo, kuchota maji, kwenda kanisani na shuleni kwa miguu: yote hayo yalikuwa sehemu ya mlo kuliko siagi yenyewe.

Jambo hili lilipimwa. Katika miaka ya 1960 watafiti waliwafuata ndugu wa tumbo moja, mmoja amebaki Ireland na mwingine amehamia Boston, pamoja na Wamarekani waliozaliwa Boston na wazazi wa Ireland. Jumla wanaume wapatao 1,000, waliofuatiliwa kwa miaka 20. Waliobaki kijijini walikula kalori nyingi zaidi, wanga mwingi zaidi na siagi nyingi zaidi, na bado walikuwa wembamba kuliko ndugu zao, kwa sababu miili yao ilifanya kazi. Lakini sikiliza sehemu ambayo watetezi wa siagi huiruka: vifo vya moyo havikutofautiana sana kati ya makundi hayo. Wembamba haukuwaokoa na kila kitu. Na ndani ya makundi yote, waliokufa kwa moyo walikuwa na mlo wenye mafuta mengi zaidi ya wanyama, huku waliokula mboga na nyuzinyuzi nyingi wakielekea kuwa na nafuu.

Kuhusu kauli kwamba wazee hawakujua presha wala kisukari, ni kweli kwa maana moja tu: hakuna aliyewapima. Mtoto aliyezaliwa Ireland katikati ya miaka ya 1920 alitarajiwa kuishi miaka 57 hivi, na kifua kikuu kiliua vijana hadi miaka ya 1950. Wengi hawakufikia umri wa kuugua kisukari cha ukubwani. Kizazi kilichofuata, kile cha siagi, sigara na trekta, kiliipa Ireland moja ya viwango vya juu vya vifo vya moyo Ulaya Magharibi. Vifo hivyo vilishuka karibu nusu kati ya 1985 na 2000, kutokana na matibabu bora, watu kuacha sigara, na kushuka kwa kolesteroli na presha. Mzee wa miaka 84 mwenye afya ni ushahidi wa mzee mmoja. Wenzake waliofariki na miaka 58 hawako mezani kumpinga. (Usimwambie kwa maneno haya. Mwulize tu wenzake wa darasani wako wangapi.)

Sasa tuje kwenye sahani ya mumeo, tuone kwa nini mzani hausogei. Kwa umri, urefu na uzito wake, na kazi ya kukaa kwenye usukani, anatumia kalori 2,400 hadi 2,500 kwa siku. Kilo moja ya viazi vya kuchemsha ni kalori 850 tu, kwa sababu karibu robo tatu na zaidi ya kiazi ni maji. Kwa kushibisha, viazi vya kuchemsha havina mpinzani: watafiti wa Sydney walipolinganisha vyakula 38 mwaka 1995, vilitoka vya kwanza. Lakini kijiko kikubwa kimoja cha siagi ni gramu 14 na kalori 100. Anayepaka kila kiazi bila kupima hufikisha vijiko sita kwa siku bila kujua, na hapo ameongeza kalori 600 ambazo hazikujaza tumbo. Ongeza mkate, nyama na maziwa, na amerudi palepale alipokuwa na piza.

Kwenye sukari hali ni tofauti kidogo, na hapa kiazi chenyewe kina neno. Kiazi kibichi kina wanga uliofungwa kwenye punje ngumu ambazo vimeng'enya vya tumboni havizipenyi vizuri. Ukikichemsha, punje zinanyonya maji na kupasuka, na wanga unageuka glukosi upesi. Kilo moja kwa siku ni wanga wa gramu 170 hadi 200, na akiula kwa milo miwili mikubwa, kongosho linapewa kazi ya ghafla ambayo tayari limeanza kushindwa. Kipimo cha 44 kiko kati ya 42 na 47, eneo la mpakani. Kuanzia 48 ni kisukari. Wazee wa zamani walipenda viazi vyenye "mfupa", yaani kiini kilichoachwa kigumu kidogo, ili vikae tumboni muda mrefu. Walikuwa wameielewa sayansi hii kwa njaa. Sisi tuna njia bora: chemsha viazi na maganda yake, viache vipoe, viweke kwenye friji usiku kucha. Sehemu ya wanga hujipanga upya ikawa ngumu kumeng'enywa, na hata ukivipasha kesho yake sehemu ya faida hiyo hubaki. Usitarajie muujiza, ni punguzo la wastani. Vilivyoota au vyenye ganda la kijani usivipike; wewe wa Njombe hilo huhitaji kufundishwa.

Ningempangia viazi mara moja kwa siku, gramu 180 hadi 200, sawa na vitatu vya ukubwa wa yai, nusu ya sahani ikiwa kabichi au sukuma wiki, na robo samaki, mayai au maharage. Aanze na mboga na protini, viazi viwe vya mwisho. Mpangilio huo peke yake hupunguza mruko wa sukari. Siagi kijiko cha chai kimoja au viwili kwa mlo. Kuna mlo wao mzuri uitwao colcannon, viazi vilivyopondwa na kabichi au majani ya aina ya sukuma wiki. Geuza uwiano: majani mawili kwa kiazi kimoja, na ulainishe kwa mtindi badala ya krimu. Mzee atanuna siku ya kwanza.

Asubuhi ndipo mababu wanaposhinda moja kwa moja. Oti zilizokatwakatwa, zile ngumu, gramu 40 kwa maji au maziwa mililita 300. Ziloweke usiku, zichemshe dakika 20 hadi 25 kwa moto mdogo huku ukikoroga. Zina utelezi wa nyuzinyuzi unaoshusha kolesteroli na kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Zile za pakiti ndogo zenye sukari na ladha hazifanyi kazi hiyo vizuri.

Nyama ya nguruwe ya chumvi ndiyo ningeigombea zaidi, kwa sababu ya ile 148/92. Ina chumvi gramu 2 hadi 3 kwa kila gramu 100, na kiwango cha juu kinachoshauriwa Ireland ni gramu 6 kwa siku nzima. Aidha, tangu 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO limeiweka nyama iliyosindikwa kwenye kundi la vinavyosababisha saratani, na kila gramu 50 za kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Iwe ya Jumapili moja au mbili kwa mwezi. Iloweke usiku kwenye maji baridi, mwaga; iweke kwenye maji mapya, yakichemka mara ya kwanza mwaga tena, kisha ipike kwa moto mdogo dakika 25 kwa kila nusu kilo. Usipike kabichi kwenye maji hayo, ingawa hivyo ndivyo mama mkwe alivyozoea: yote uliyoitoa kwenye nyama utairudisha kwenye mboga. Badala yake rudisheni samaki wa pwani ya magharibi, vibua na heringi wabichi, gramu 140 mara mbili kwa wiki. Hao ndio walioliwa na watu wa ufukweni, pamoja na mwani. Kuna mwani mmoja wa huko uitwao carrageen ambao hugandisha maziwa yakawa kitu kama jeli; jina lake ndilo lililozaa karajini, bidhaa ambayo mwani wa wakulima wa Zanzibar husafirishwa kwenda kutengenezewa.

Mkate wa soda si mbaya, na ni rahisi kuliko chapati. Si wa kale kama watu wanavyodhani: soda ya kuokea ilienea Ireland karne ya 19 tu. Changanya unga wa ngano usiokobolewa gramu 225 na mweupe gramu 225, soda kijiko cha chai kimoja cha kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai, mtindi mililita 350 hadi 400. Asidi ya mtindi ikikutana na soda hewa hutoka papo hapo, kwa hiyo oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 220 kabla hujamwaga mtindi. Usikande, ukikanda unapata tofali. Kusanya donge, likate msalaba wa kina ili katikati paive, oka dakika 15, punguza hadi 200, endelea dakika 25 hadi 30, na ugonge chini: ukisikia sauti ya utupu umeiva. Ukiwa na madoa ya njano na ladha ya sabuni, soda imezidi au haikuchekechwa. Kumbuka soda nayo ni sodiamu: kijiko kimoja ni sawa na chumvi ya gramu 3 na zaidi. Kata vipande 12, mumeo ale viwili kwa siku, siku asizokula viazi vingi.

Wewe na watoto msifuate mlo wa mtu anayepunguza uzito. Watoto wapewe maziwa, mayai, samaki na viazi kulingana na njaa yao, na mkate wao usiwe wote wa unga usiokobolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, vita vilipoilazimisha Ireland kuoka mkate wa ngano nzima, matege yaliongezeka kwa watoto wa Dublin, kwa sababu pumba zina kemikali inayonasa kalsiamu, nao vitamini D walikuwa nayo kidogo. Na hapo ndipo penye pengo lako kubwa kuliko viazi vyote. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la Mayo haliwezi kutengeneza vitamini D kwenye ngozi yoyote, na ngozi nyeusi hutengeneza polepole hata kiangazi. Ushauri wa Ireland kwa mtu mzima mwenye ngozi kama yako ni mikrogramu 15 kila siku, mwaka mzima. Kwa watoto muulize mfamasia dozi ya umri wao. Chai, ambayo nyote wawili mmelelewa nayo na ambayo majani yake mengi huko yanatoka Kenya, isinywewe pamoja na chakula ikiwa una upungufu wa damu. Subiri saa moja.

Mumeo alenge kupunguza asilimia 7 ya uzito, yaani kilo 7 hivi, kwa miezi sita. Katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2002, lengo hilo pamoja na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipunguza kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58 ndani ya miaka mitatu hivi. Dereva wa lori anaweza kutembea dakika 15 kila anaposimama kupumzika.

Kuna mambo ambayo jikoni hayamalizwi. Nunueni kipima presha cha mkono wa juu, apime asubuhi na jioni kwa wiki moja akiwa ametulia. Wastani wa 135/85 na kuendelea apeleke kwa daktari wa familia. Akianzishiwa dawa za presha, hasa zile zinazobakisha potasiamu, au akiambiwa figo zimechoka, aulize kabla ya kuendelea na viazi vingi, na asitumie kabisa chumvi mbadala ya potasiamu. Mwombe daktari aongeze kipimo cha madini ya chuma, yaani feritini (akiba ya chuma mwilini) na ujazo wa transferini (chuma kinachobebwa kwenye damu). Ireland inaongoza duniani kwa ugonjwa wa kurithi wa mwili kulimbikiza chuma: karibu mtu 1 kati ya 83 ana nakala mbili za jeni hiyo, na chuma kikizidi huharibu ini, viungo na kongosho, hivyo huweza kujificha nyuma ya sukari ya mpakani. Akiwa na uchovu na maumivu ya vifundo vya vidole, kipimo hiki kisisubiri. Tumbo likijaa gesi na kuharisha kila akila mkate, apimwe ugonjwa wa siliaki, yaani utumbo kudhurika kwa gluteni ya ngano, kabla hajaacha ngano, kwa sababu akiiacha kwanza kipimo kinaweza kusoma uongo.

Kiu isiyoisha, kukojoa usiku mara nyingi, macho kuona ukungu, au kupungua uzito bila kujitahidi: daktari ndani ya siku mbili tatu. Presha ya 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kichwa kikali au kushindwa kusema vizuri: piga 112 hapohapo. Kwa ushauri wa mlo wa ana kwa ana, hakikisha mtaalamu wa lishe unayempata yuko kwenye daftari la CORU, chombo cha Ireland kinachosajili wataalamu wa afya. Huko mtu yeyote anaweza kujiita mshauri wa lishe. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu arudie baada ya wiki 12 za mpango huu, si kabla, kwa sababu chembe nyekundu za damu huishi miezi mitatu hadi minne na mabadiliko ya leo hayajaandikwa humo bado.